Una shahada ya fani nyingine na unataka unesi Marekani kwa njia ya haraka? Hesabu miezi kwanza, ada baadaye

#1 MhasibuNesi (mleta uzi)

Wakuu salaam. Kila mara kuna mtu ananifuata faragha na swali lilelile, nimeona bora nilijibu hadharani tufaidike wote. Swali lenyewe: nina shahada ya biashara, au ualimu, au sosholojia, niliyoipata nyumbani. Nimekuja Marekani kwa grini kadi, nabeba boksi. Nikitaka kuwa nesi aliyesajiliwa, yaani RN, ni lazima nianze chuo upya miaka minne?

Si lazima. Kuna programu za shahada ya pili kwa kasi, wenyewe wanaziita ABSN, na zimetengenezwa kwa ajili ya watu kama sisi. Chuo kinatambua shahada uliyonayo, kinakusamehe masomo ya jumla, kinakufundisha uuguzi mtupu asubuhi mpaka jioni. Saint Louis University ndio walianza mwaka 1971, Creighton ya Omaha wakaanzisha yao 1975, na sasa zimejaa majimbo mengi. Kwa kawaida ni kati ya miezi 11 na 18. Ukimaliza unafanya mtihani uleule wa leseni, NCLEX-RN, anaoufanya aliyesoma miaka minne, na leseni ni ileile.

Mimi nilisoma B.Com Mlimani, nikafanya uhasibu Dar kabla ya kuhamia Texas. Leo niko wodi ya wagonjwa wa moyo. Ninachotaka mshike ni hiki: miezi 12 au 16 ya kwenye tangazo inahesabiwa kuanzia siku unayoingia darasani. Safari yenyewe inaanza siku unayoandika chuoni kwenu kuomba transkripti. Katikati pale kuna mwaka mzima au zaidi ambao hauonekani kwenye tangazo lolote, na humo ndimo wengi wanakwama: wameacha kazi mapema, au wamekopa mapema, au wamewaahidi watu wa nyumbani tarehe isiyowezekana.

Nianze na hiyo transkripti. Vyuo vingi vya huku havisomi matokeo ya nje moja kwa moja. Vinataka yapite kwenye taasisi ya tathmini, mara nyingi WES au ECE, na lazima uombe tathmini ya somo kwa somo, si ile ya jumla inayosema tu kwamba una shahada. Nakala inatakiwa itoke chuoni kwenyewe, kwa mtandao au kwenye bahasha iliyofungwa na kugongwa muhuri. Ukiifungua wewe kwa mkono wako, haifai tena. Sasa wewe uko Dallas na ofisi ya usajili iko Dar. Tafuta ndugu mwenye subira, mwandikie barua ya idhini, mtumie hela ya malipo na ya nauli, kisha mwache afuatilie kwa upole. Kabla hajaenda, hakikisha hudaiwi chochote: kitabu cha maktaba, joho la mahafali, salio la ada la mwaka wa mwisho. Deni dogo kama hilo linaweza kulaza faili miezi.

Halafu masomo ya awali. Orodha inatofautiana chuo kwa chuo, ila uti wake ni anatomia na fiziolojia sehemu ya kwanza na ya pili, mikrobiolojia, kemia, takwimu, lishe, na saikolojia ya ukuaji wa binadamu. Yote yanafika krediti 25 hivi (krediti ni kipimo cha uzito wa somo), na ya sayansi yana maabara. Huwezi kuyameza kwa mpigo, kwa sababu anatomia ya pili inaisubiri ya kwanza. Kwa mtu anayefanya kazi hesabu mihula mitatu. Aliyesoma baiolojia nyumbani asifurahi haraka: vyuo vingi vinataka masomo ya sayansi yasiwe yamepita miaka 5, vingine 7, vingine 10. Kwa watu wa biashara, takwimu mara nyingi ndiyo pekee inayopona.

Yasomee kwenye chuo cha jamii (community college) kilicho karibu na kwako. Krediti ni nafuu sana ukilinganisha na chuo kikuu. Lakini kabla hujalipa, muulize kwa maandishi yule ofisa wa udahili wa chuo unachokitaka kama somo lile litapokelewa. Hifadhi majibu yake.

Anatomia naomba niikalie kidogo, maana ndiyo kamati ya udahili inayoiangalia kwanza. Mtihani wa maabara unakuwa hivi: meza zimepangwa kuzunguka chumba, kila meza ina mfupa au modeli ya kiungo, na pini imechomekwa mahali. Una dakika moja hivi, kengele inalia, unahamia meza ya pili. Hakuna A, B, C, D ya kubahatisha. Unaandika jina kamili, kulia au kushoto, na herufi zikikosewa unakatwa. Sisi tuliozoea kukariri madaftari tunafika pale tunaujua mfupa kwa maandishi, lakini hatuutambui ukiwa umegeuzwa. Dawa yake ni kwenda maabara saa za ziada, kuushika ule mfupa, kuugeuza, kuwekeana pini na mwenzako. Lenga A. Ukipata C kwenye anatomia, hata pale inapokubalika kwenye karatasi, ushindani utakuangusha.

Kisha kuna mtihani wa kujiunga. Vyuo vingi vinatumia TEAS, vingine HESI A2. TEAS ni maswali 170 kwa dakika 209: kusoma na kuelewa, hisabati, sayansi, na Kiingereza. Hisabati ni maswali 38 kwa dakika 57, na kwa mtu wa kwetu hesabu zenyewe si ngumu. Kinachotutoa jasho ni vipimo vya huku, aunsi, paundi, galoni. Viwe mdomoni kabla ya siku ya mtihani.

Jumlisha sasa: transkripti na tathmini, mihula mitatu, mtihani, maombi (mengi yanapita NursingCAS, mfumo wa pamoja wa maombi mtandaoni, na yanafungwa miezi mingi kabla ya darasa kuanza), programu yenyewe, halafu NCLEX. Ni miaka miwili na nusu mpaka mitatu kwa mtu anayekwenda vizuri. Bado ni njia nzuri sana. Ila ipange kwa kalenda hiyo, usiipange kwa kalenda ya tangazo. Maswali karibuni.

#2 MamaWawili

Dada ubarikiwe, nimesoma neno kwa neno. Mimi niko Minnesota, nina shahada ya ualimu, nalea wazee zamu ya usiku. Mume anaendesha lori, siku nyingi hayupo. Watoto wawili bado wadogo. Masomo ya awali najiona nayaweza taratibu. Kinachonitisha ni ule mwaka wenyewe wa programu. Nasikia huruhusiwi kufanya kazi. Tutakula nini? Na ile misaada ya serikali isiyorudishwa, naipata?

#3 MhasibuNesi

Dada, nakujibu bila kuficha. Misaada hiyo isiyorudishwa, yaani ruzuku ya Pell, hupati, kwa sababu ni ya wasio na shahada, na ya kwako ya nyumbani inahesabika. Mkopo wa serikali unapata kama una grini kadi au uraia: unajaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, na kwa mtu anayejitegemea kama wewe ni mpaka dola 12,500 kwa mwaka wa masomo, ukomo wa jumla 57,500. Vyuo binafsi vingi ada peke yake inavuka dola 50,000, kwa hiyo unaona pengo lilipo. Pengo hilo ndilo linalowasukuma watu kwenye mikopo ya benki yenye riba kubwa. Tazama vyuo vya umma vya jimbo lako kwanza, maana ukiwa mkazi ada inashuka sana.

Kuna mlango ambao watu wetu hawaugongi: Nurse Corps, ya serikali kuu. Wanakulipia ada na kukupa posho ya kila mwezi, nawe unaahidi kufanya kazi angalau miaka miwili kwenye kituo chenye uhaba wa manesi. Raia na wenye grini kadi wote wanaruhusiwa kuomba. Ushindani ni mkali na wanatazama hali ya kipato, lakini fomu haina ada. Pia uliza hapo unapolea wazee kama wanasaidia karo ya wafanyakazi.

Kuhusu kazi: vyuo vingi havikukatazi kisheria, vinakushauri usifanye, na vina sababu. Darasani siku tatu, wodini siku mbili za saa 12, usiku mtihani. Wanaomudu wanashika zamu moja ya wikendi, si zaidi. Kwa hiyo hela ya kula ya mwaka ule inatafutwa sasa, wakati wa masomo ya awali. Kina mama wa hapa kwetu walifanya upatu, wakapanga zamu ya mwenzao anayeingia chuo iangukie mwezi wa kwanza wa muhula. Ilimlipia kodi ya nyumba. Huo ni utaratibu wetu wenyewe na unafanya kazi.

Na kuna mazungumzo ambayo hakuna ofisa wa udahili atakayekukumbusha. Kaa na watu wa nyumbani mapema. Waambie: kuanzia mwezi fulani mpaka mwezi fulani sitatuma kama nilivyozoea. Ada ya mdogo wangu nitailipa kabla, michango ya harusi msinipangie, ugonjwa wa mama tutagawana hivi na hivi. Taja miezi. Mtu aliyeambiwa miezi anavumilia. Aliyeona tu hela zimekatika anaamini umewasahau, na simu zitaanza usiku wa kuamkia mtihani. Nimewaona watu wenye akili nyingi wakishindwa kwa sababu hiyo tu.

#4 KijanaWaEldoret

Habari zenu. Mimi bado niko Kenya, nina digrii ya teknolojia ya habari. Kuna wakala ameniambia naweza kuomba hiyo programu ya miezi 12 nikitumia viza ya mwanafunzi, F-1, nifanye kazi nikisoma, na nikimaliza hospitali inanipa makaratasi. Mzee wangu yuko tayari kuuza sehemu ya shamba. Mnanishauri aje?

#5 MhasibuNesi

Mdogo wangu, mwambie mzee asiuze shamba kwanza. Nakuomba.

Ukiwa na F-1 huna mkopo wa serikali wala Nurse Corps. Kazi ni ndani ya chuo tu, saa 20 kwa wiki wakati masomo yanaendelea, na kwa programu hizi hata hizo saa 20 hutazipata. Programu nyingi za kasi zinafundisha kwa mtandao halafu wodini, na mwenye F-1 anaruhusiwa kuhesabu somo moja tu la mtandao kwa muhula kwenye masomo yake ya muda wote, kwa hiyo nyingi hazikupokei kabisa. Masomo ya awali nayo utayasomea wapi? Ukimaliza unapata ruhusa ya kazi ya miezi 12. Makaratasi ya kudumu hospitali inaweza kukuombea, manesi wamewekewa njia inayoruka hatua moja ya Wizara ya Kazi, lakini foleni ya viza yenyewe hairukwi, na inaweza kuzidi kwa mbali hiyo miezi 12.

Wakala anayekuambia utafanya kazi ukisoma anakuuzia kitu ambacho hakipo. Kama moyo wako uko kwenye uuguzi, fikiria kusomea hapo Kenya, KMTC (chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba) au chuo kikuu, usajiliwe na baraza la wauguzi la hapo, ufanye NCLEX, kisha mwajiri wa huku akuombee ukiwa nesi tayari. Ni ndefu, lakini shamba linabaki.

#6 NesiWaLowell

Mleta uzi, umeeleza vizuri, lakini mimi napinga kitu kimoja. Kwa nini mtu mwenye watoto akimbilie ada ya dola 50,000? Mimi niko Massachusetts, nilikuwa na digrii ya masuala ya maendeleo kutoka Nairobi, nikasoma uuguzi wa miaka miwili kwenye chuo cha jamii, ile wanayoiita ADN, kama diploma ya nyumbani. NCLEX ileile, RN ileile. Hospitali iliponiajiri ikanilipia programu ya kunitoa RN kwenda shahada, nikasoma kwa mtandao jioni. Sina deni. Hapa Lowell tuko wengi tuliopita hivyo.

#7 MhasibuNesi

Nakubaliana na wewe kwa sehemu kubwa, na ninafurahi umeiandika. Ukweli ni kwamba kwa kalenda tofauti si kubwa kama watu wanavyodhani: masomo ya awali karibu ni yaleyale, halafu miaka miwili badala ya mwaka mmoja na kitu. Kwa hela, diploma inashinda.

Nabaki na mambo mawili. Kwenye vyuo vya jamii vingi kuna foleni ya kuingia, uliza urefu wake kabla hujaichagua. Na hospitali kubwa za mijini zinapendelea mwenye shahada. New York walipitisha sheria mwaka 2017 kwamba nesi mpya awe amepata shahada ya uuguzi ndani ya miaka 10 tangu apate leseni. Kwa hiyo shahada utaisoma tu, swali ni nani atailipia. MamaWawili, kwa hali uliyoieleza, njia ya mwenzetu iweke mezani kwa uzito. Omba zote mbili, masomo ya awali hayapotei.

#8 BibiHarusiWaZamani

Wanangu, mimi nina miaka 47, nilikuwa karani wa benki. Nimemaliza masomo ya awali nina A na B. Je, umri hautanikwamisha? La pili, chuo kimenitumia orodha ndefu ya chanjo na kipimo cha kifua kikuu, na nikipimwa kile cha kuchoma mkononi huwa ninavimba. Naogopa watanikataa.

#9 MhasibuNesi

Shikamoo mama, na hongera kwa hizo alama. Ukomo wa umri haupo. Darasani kwetu alikuwepo baba aliyekuwa fundi wa ndege, mkubwa kuliko wewe, na ndiye tuliyekuwa tunamkimbilia kwenye hesabu za dawa. Mshahara wa kati wa RN nchini ulikuwa dola 93,600 kwa mwaka kufikia Mei 2024, kwa hiyo hata ukifanya kazi miaka 18 umeirudisha ada mara nyingi.

Kuhusu kuvimba: tazama bega lako, si una lile kovu la BCG tulilochanjwa utotoni? Chanjo ile inaweza kukifanya kipimo cha ngozi kisome chanya hata kama huna maambukizi. Waambie una BCG na uombe kipimo cha damu, IGRA. CDC, shirika la serikali la kudhibiti magonjwa, wenyewe wanakipendelea kwa mtu aliyechanjwa BCG. Ukikikosa kituo kimoja utakipata kingine. Kikisoma chanya pia hukataliwi, utapigwa picha ya kifua na daktari atashauri matibabu.

Hepatitisi B ndiyo ianze leo. Ile ya dozi tatu inachukua miezi sita, halafu kipimo cha damu kuthibitisha kinga. Ipo ya dozi mbili kwa mwezi mmoja, iulizie. Watu wanapokea barua ya kukubaliwa Juni, darasa Agosti, na kadi ya chanjo ni tupu.

#10 Mpambanaji_FL

Wakuu, huku Florida kuna jamaa anasema kuna chuo unalipa, hawakusumbui na wodi, baada ya miezi michache unapata cheti unakwenda kufanya NCLEX. Watu wamefanya wako kazini. Mnakijua?

#11 MhasibuNesi

Ndugu yangu, kimbia. Januari 2023 serikali kuu iliwashtaki watu 25 kwa kuuza vyeti feki vya uuguzi hukohuko Florida kusini. Zaidi ya vyeti 7,600 vilitolewa, watu walilipa dola 10,000 na zaidi kwa kimoja, na inakadiriwa 2,400 hivi walifaulu NCLEX. Bodi za majimbo zikaanza kufuatilia jina kwa jina na kufuta leseni. Miongoni mwao walikuwemo wahamiaji kama sisi.

Na liweke pembeni suala la kukamatwa. Mgonjwa wangu anapewa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa mashine. Nikikosea nukta moja anavuja damu kichwani. Chuo kilikuwa kinataka 90 kwa 100 kwenye mtihani wa hesabu za dawa la sivyo hukanyagi wodi. Dripu ya mililita 1,000 kwa saa 8, mpira wa matone 15 kwa mililita, ni matone mangapi kwa dakika? Ni 31. Unatakiwa ulijue hilo saa tisa usiku ukiwa umechoka. Wodi ndiyo inayokufundisha, na huyo jamaa anakuuzia uuguzi usio na wodi.

Kukagua chuo ni rahisi: kiwe na ithibati ya CCNE au ACEN, kiwe kwenye orodha ya bodi ya wauguzi ya jimbo lako, na angalia asilimia ya waliofaulu NCLEX mara ya kwanza. Bodi nyingi zinaziweka wazi.

#12 MamaWawili

Nimerudi. Nimezungumza na mume, nimeshamwandikia dada yangu Morogoro kuhusu transkripti. Nitaomba njia zote mbili. Swali la mwisho: ile barua ya kujieleza. Nimeandika kwamba tangu utotoni nilitamani kuwa nesi. Inatosha?

#13 NesiWaLowell

Dada, hiyo wameisoma mara elfu. Na watakuuliza: sasa mbona ukasomea ualimu?

#14 MhasibuNesi

Kweli kabisa. Andika ualimu wako. Wewe umesimama mbele ya darasa la watoto wangapi, sitini, themanini? Umeeleza jambo gumu kwa maneno rahisi, ukamjua mtoto asiyeelewa kabla hajasema. Nesi anafanya hilo kila siku anapomfundisha mgonjwa wa kisukari kujichoma insulini kabla ya kuruhusiwa. Kisha andika zamu moja ya usiku kwa wazee: ulimwona nini bibi fulani, ukamwambia nesi nini, nesi akafanya nini ambacho wewe hukuruhusiwa kufanya. Usitaje jina la mgonjwa wala chumba. Hapo msomaji ataelewa mwenyewe kwa nini unahama.

Barua za kukupendekeza: mmoja mwalimu wako wa anatomia au mikrobiolojia, mmoja nesi anayekusimamia kazini. Waombe wiki sita kabla, wape na wasifu wako. Wachungaji na mashehe tunawaheshimu, ila kamati inataka mtu aliyekuona ukisoma na ukifanya kazi.

Ukimaliza rasimu nitumie faragha. Jumatano sina zamu, nitaisoma.